Mama Yako Alikuomba Kweli

Mwanangu Minza,

Barua hii si ya siri. Ninaiandika nikijua kwamba itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa letu hapa Somanda, na watakaoisoma ni watu walewale waliokuwa wameketi uani kwetu siku tulipomzika mama yako. Siku hiyo nilisema neno mbele yao, na neno hilo halikuwa kweli. Nilikukosea hadharani, sioni haki ya kukuomba radhi kwa simu, sisi wawili tu, huku wao wakiendelea kuamini nilichosema. Kwa miaka minne nimepita mbele yao nikiitwa Mwalimu na Mzee wa kanisa, na wewe, usiye na kosa, ndiye uliyebaki na jina la binti aliyemsingizia marehemu mama yake.

Nitaeleza kwa mpangilio. Nimezoea mpangilio, nawe unajua jinsi ulivyokuchosha.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu vibrafoni ilipoletwa nyumbani. Mama Daktari, mke wa yule daktari mgeni, alikuwa ameamua kufundisha watoto wa kanisa siku za Jumamosi, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa kwaya, ala ikawekwa sebuleni kwetu. Iliteremshwa kwenye gari kwa vipande: miguu, mirija, mota ndogo, na vyuma virefu kwa vifupi vilivyoviringishwa kwenye blanketi. Mama yako alisimama mlangoni akitazama.

"Mwalimu, hiki ni kitanda au ni jiko?"

"Ni ala ya muziki, Mama Minza."

"Haya. Tutalalia muziki."

Kisha Mama Daktari akakanyaga pedali, akagonga chuma kimoja kwa kijiti chenye kichwa cha nyuzi. Sauti ikatoka, ikakaa hewani ikitetemeka, haikutaka kuondoka. Mama yako aliweka ungo chini. Wewe ulisogea karibu hadi pua yako ikakaribia kugusa vyuma. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto kumi na wawili. Jumamosi ya nne ulibaki peke yako.

Nilijivunia jambo hilo, sikatai. Na kwa kujivuna nikafanya kosa langu la kwanza. Wanakwaya wote wa huku wanasoma solfa, yaani do, re, mi, nami nimefundisha solfa maisha yangu yote. Nikaona ala ile ina upungufu: vyuma havikuandikwa kitu. Nikachukua rangi nyekundu ya mafuta, iliyobaki baada ya kupaka milango ya darasa, nikaandika herufi za solfa juu ya kila chuma, kwa mwandiko mzuri, kuanzia do. Mama Daktari aliiona Jumamosi iliyofuata.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "wimbo ukipanda juu, do yako itahamia wapi?"

Nilijua jibu. Do huhama pamoja na wimbo, hilo nawafundisha watoto siku ya kwanza. Lakini sikuwa tayari kusahihishwa sebuleni kwangu. Nikamjibu, "Nyimbo zote tutazishusha zifuate hapa." Wiki nzima iliyofuata ulikuwa ukisugua rangi ile kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu, ili chuma kisikwaruzwe. Hukulalamika. Nilikuwa nikisoma gazeti kwenye kiti changu, nikijifanya sisikii ile harufu.

Uliendelea vizuri. Ulijifunza kushika vijiti viwili katika kila mkono, vikipishana kama mkasi. Ulijifunza kuzima sauti moja kwa ncha ya kijiti na kuiacha nyingine iendelee. Vichwa vya vijiti vilipochakaa, mama yako alikata mpira wa tyubu ya pikipiki, akauviringishia uzi wa pamba aliousokota mwenyewe kwa pamba ya shambani, duru juu ya duru, hadi kila kichwa kikawa kigumu kwa ndani na laini kwa nje. Mlikuwa mkigombana kwa kucheka.

"Mama, hiki kizito mno."

"Kizito ni mkono wako. Piga tena."

Halafu ikaja siku uliyosema mezani, ukiwa na furaha, "Baba, Mama Daktari amesema nina sikio la jazi."

Niliweka tonge chini. Kwetu sisi tuliokulia Usukuma miaka ile, jazi lilikuwa jina la bendi za dansi. Kila kundi lililopiga kwenye baa lilijiita hivyo. Sikujua kwamba neno hilo lina maana nyingine, na sikuuliza. Mtu aliyewaadhibu wanafunzi kwa kujibu swali kabla ya kulisoma, alimhukumu binti yake kwa neno moja ambalo hakulielewa. Mawazoni nilikuona kwenye jukwaa la baa pale mjini, ukiwa umezungukwa na walevi. Nilipomwendea Mama Daktari kumwambia aache, alinieleza kwa upole kwamba katika jazi mtu hupiga wimbo kama ulivyo, kisha huuacha na kutembea, akikumbuka njia ya kurudi. Nilisikia sehemu moja tu, ile ya kuuacha.

Jioni hiyo nilifungua kamba inayoshikilia safu ya juu ya vyuma, vile vinavyotoa nusu sauti zilizo kati ya sauti za safu ya chini, nikavitoa vyote. Nilivifunga kwenye gunia, nikavifungia katika kabati la vitabu, na ufunguo nikautia mfukoni mwa koti. Nilikuambia kwamba kwa nyimbo za kanisa safu moja inatosha. Ulitazama lile pengo juu ya ala, ukasema, "Ndiyo, Baba." Kwa miaka mingi niliuhesabu huo kuwa utii.

Sasa nizungumze juu ya wimbo wenyewe, kwa sababu si wote watakaosoma barua hii wanaoufahamu. Mama yako alizaliwa Nassa, katika familia ya watu wa ngoma. Baba yake alikuwa kiongozi wa wachezaji, na yeye mwenyewe, kabla sijamwoa, alijulikana kwa kucheza kwa mabega. Nilipomchumbia nilikuwa mwalimu kijana mwenye shati jeupe, na sharti langu lilikuwa kwamba ngoma iishe. Akakubali. Kilichobaki ni wimbo mmoja wa kusagia mtama, wimbo wa mama yake, aliouimba kwa sauti ya chini akiwa jikoni, na aliponisikia nikija aliumeza.

Katika majuma yale ya safu moja, wewe uliutafuta wimbo huo kwenye vyuma ulivyoachiwa, na ukaupata wote. Haukuhitaji safu ya juu. Nilitoka shuleni mapema siku moja, nikausikia nikiwa bado nje ya uzio. Umeme ulikuwa umekatika na mota haikuzunguka, kwa hiyo sauti haikutetemeka. Ilikuwa kavu na safi. Nilipofika mlangoni nilimwona mama yako amesimama nyuma yako, mikono ina unga, na mabega yake yanacheza. Nilikuwa sijayaona yakicheza tangu tuoane.

Aliponiona, yalisimama.

Hakuambiwa kitu. Aliyashusha tu mabega, akarudi jikoni. Nimewahi kukosea watu wengi, Minza, lakini nikitaka kujua nilikuwa mume wa namna gani, nakumbuka mabega yale yakisimama kwa sababu nimeingia.

Kesho yake aliuchukua ufunguo mfukoni mwangu, akafungua kabati mbele ya macho yangu, akalitoa gunia.

"Mwalimu, umeing'oa ala ya mtoto meno, halafu unataka itafune."

"Mama Minza, hujui mambo hayo yanakoelekea."

"Sijui. Na wewe hujui. Ukikasirika, kasirika na mimi, mtoto mwache."

Safu ya juu ikarudi, na Mama Daktari alipoondoka nchini aliacha neno kwamba ala si ya kanisa, ni ya Minza. Miaka iliyofuata nyumba yetu ilijaa sauti hiyo. Ulikuwa ukianza na wimbo tunaoujua, kisha unapotea, nami kutoka kwenye kiti changu napaza sauti, "Rudi kwenye wimbo!" Nawe unajibu bila kugeuka, "Narudi, Baba, nimetoka kidogo tu." Na kweli ulirudi kila mara. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa ninangoja pale unaporudi. Sikuwahi kukuambia kwamba palinipendeza.

Ulikwenda Mwanza kusomea ualimu, kisha Dar es Salaam kufundisha, na jioni ukapiga na wenzako. Barua uliyoniandikia kunieleza hayo niliirudisha kwako ikiwa na masahihisho ya wino mwekundu. Ala ilibaki hapa kwa amri ya mama yako. "Hiki kikiondoka," alisema, "na yeye haji." Ulikuja kila likizo.

Nafika mahali pagumu. Mama yako alipolazwa mara ya mwisho, nilikuwa naye wodini asubuhi moja, wewe ukiwa umetoka kumletea uji. Alikuwa amedhoofu lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alisema maneno haya, na ninayaandika kama alivyoyasema:

"Mwalimu, siku yangu, Minza anipigie ule wa kusagia. Nimeshamwambia, amekubali. Na wewe usikunje uso."

Nikamwambia, "Nimesikia."

"Kusikia si kukubali. Nakujua."

"Nimekubali, Mama Minza."

"Wabeja," alisema, yaani asante, kwa Kisukuma chake cha Nassa, akageukia ukutani apumzike.

Ninyi mnaosoma, someni hapo mara mbili. Aliomba. Nilikubali. Hapakuwa na shaka yoyote.

Siku ya mazishi walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mchungaji alikuwepo, wazee wenzangu wa kanisa, walimu wakuu niliowahi kufanya nao kazi, na maofisa kutoka Lagangabilili waliokaa mstari wa mbele. Wasifu ukasomwa, kwaya ikaimba. Wewe ulikuwa umeitoa ala uani mwenyewe, kipande kwa kipande, ukaiunganisha kando ya jeneza. Uliupiga ule wimbo polepole, mara ya kwanza kama ulivyo. Wanawake wa Nassa waliutambua kabla hujafika nusu. Mama Mkubwa Kwandu, dada wa mama yako, alipiga kigelegele kimoja cha uchungu, akasimama. Wengine wakasimama naye, na mabega yakaanza. Wewe ukainua kichwa, ukaanza kutembea nje ya wimbo, ukaingia safu ya juu, na wimbo ule wa jikoni ukafunguka ukawa mkubwa kuliko ua wetu.

Mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliinama akaninong'oneza, "Mwalimu, hii si ngoma hii?"

Hayo tu. Hakunilazimisha. Hakunikemea. Aliuliza, nami nikayatazama mashati meupe ya mstari wa mbele, nikaona aibu kwa ajili ya mke wangu akiwa ndani ya jeneza. Nikainuka. Nikaja mbele ya ala yako nikaweka viganja vyangu vyote viwili juu ya vyuma, na sauti ikafa chini ya mikono yangu. Niliihisi ikifa. Iliniwasha viganjani.

Ulisema kwa upole, "Baba, Mama aliniomba."

Nikasema kwa sauti ya darasani, ili wa nyuma wasikie, "Mama yako hakuomba jambo hilo. Usimsingizie marehemu."

Ulinitazama. Ulijua kwamba ninajua, kwa sababu mama yako alikuwa amekuambia nimekubali. Ulikuwa na jibu mdomoni. Ungesema, "Hata wewe ulikuwepo, Baba, alikuambia," na ningeanguka pale pale mbele ya mashati yangu meupe. Hukusema. Ulivikusanya vijiti vyako vinne, ukavishika kwa mkono mmoja, ukakaa chini pamoja na wanawake wa Nassa. Ulinisitiri mbele ya watu dakika hiyohiyo niliyokuvua nguo mbele yao. Ulingoja siku za matanga ziishe, ukafagia ua, ukaondoka na basi la asubuhi. Hujarudi.

Neno langu lilibaki likifanya kazi. Kwaya ilipotaka kukualika kwenye sherehe yake, mtu mmoja alisema si vizuri kumwita binti aliyesingizia maiti. Nilikuwa mwenyekiti wa kikao. Nikaendelea na ajenda iliyofuata.

Ala uliiacha. Miaka miwili ya kwanza niliifunika shuka. Mwaka wa tatu nikaifunua, nikaanza kujifunza. Usicheke; au cheka, ni haki yako. Vidole vyangu havivishiki vijiti viwili viwili, kwa hiyo napiga kwa kijiti kimoja kila mkono. Mguu husahau pedali: nikikanyaga muda mrefu sauti zote huchanganyika kama kikao kisicho na mwenyekiti, nikiiachia mapema kila kitu hukauka. Napiga kama mtu anayesahihisha insha. Lakini niliendelea, kwa sababu nilikuwa nimejiambia kwamba nikiweza kuupiga wimbo wa mama yako mbele ya kaburi lake, jambo litakuwa limerekebishwa. Naufahamu hadi pale ulipoinua kichwa. Baada ya hapo sifahamu kitu, kwa kuwa ni mimi niliyekukatiza. Hakuna mtu duniani ajuaye ulikuwa unakwenda wapi, isipokuwa wewe.

Mwezi uliopita Mama Mkubwa Kwandu alikuja kutoka Nassa na samaki wakavu kwenye ndoo. Nilimwamkia, "Mwangaluka, shemeji," akaitikia, akaketi. Nikataka kumwonyesha bidii yangu. Nikapiga. Alisikiliza hadi nilipokwama, akaangalia vijiti mikononi mwangu.

"Tangu lini unajifunza hiki?"

"Mwaka wa pili sasa."

"Miaka miwili unagonga chuma, shemeji." Alitikisa kichwa. "Mtoto hakudai chuma. Mdomo huo uliosema, ndio useme."

"Shemeji, jambo lenyewe lilikwisha pita..."

"Limekupita wewe. Mimi huko Nassa bado naulizwa kama mwanangu ni mwongo."

Hakukaa kula. Aliacha samaki.

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, niliomba nafasi. Watu walidhani nina tangazo la kwaya. Nilisimama, nikasema: "Minza hakumsingizia mama yake. Marehemu aliomba wimbo ule, aliniomba na mimi, nami nilikubali. Aliyesema uongo siku ya mazishi ni mimi." Mchungaji alinisogelea akitaka kunisaidia. "Mzee wetu, ulikuwa katika majonzi," alisema. Nikamwambia hapana, sikusema kwa majonzi, nilisema kwa kuogopa watu, na nikaomba lisiandikwe vingine. Nimeurudisha uzee wa kanisa na kwaya pia. Baadhi ya watu walinipa mkono mlangoni, wengine walipita. Yule mzee aliyeninong'oneza alipita.

Sikuandikii ili unisamehe. Kutoka kwako nimekwisha pokea zaidi ya ninachostahili, siku ile ulipofunga mdomo. Naandika ili jina lako lirudi kwako likiwa limeandikwa na mkono uleule ulioliharibu.

Kaburi la mama yako linatunzwa. Ala ni yako, na vyuma vyote viko mahali pake, safu zote mbili. Ukitaka kuja kumalizia ulichoanza, mpelekee neno Mama Mkubwa Kwandu, usinipelekee mimi. Wanawake wa Nassa wameshasema watakuja siku yoyote utakayotaja. Na kama ungependa nisiwepo, sitauliza sababu. Nitakwenda Lagangabilili kwa mdogo wangu, nitakaa huko hadi nitakapoambiwa umemaliza na umeondoka. Natamani kuusikia mwisho wa wimbo ule kuliko ninavyotamani jambo lolote katika umri huu. Lakini si mimi niliyepigiwa.

Kaa salama huko uliko, mwanangu.

Aliyekukatiza,
Baba yako